Saa, Mizani na Jicho la Mwamuzi

Mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa na manispaa ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapokea watu wa Pangani, kijiji kikongwe ambacho wakuu wa mji walikuwa wameazimia kukibomoa. Waliohamia huko walikuta jirani ambaye leo wengi wamemsahau: mbio za farasi. Kabla ya kuhamia barabara ya Ngong mwaka 1954, mbio za farasi za Nairobi zilikuwa zikifanyika upande huu wa mashariki, kuelekea Eastleigh, na barabara inayotoka Ngara kupitia Kariokor ingali inaitwa Racecourse Road.

Historia ya michezo ya Eastlands kwa kawaida huanzia kwenye kandanda na ndondi, na haki yake. Lakini ukitaka kuelewa jinsi kanuni za mashindano zinavyowagawa watu, uwanja ule wa farasi hauwezi kurukwa. Sheria zake hazikutungwa Nairobi. Zilirithiwa kutoka Jockey Club ya Uingereza, chama cha karne ya 18 chenye mizizi yake Newmarket. Kabla ya mbio, mpanda farasi alipimwa uzito pamoja na tandiko lake. Baada ya mbio alirudi kwenye mizani ile ile, na akipungua chini ya kiwango alichopangiwa, farasi wake alinyang'anywa ushindi hata kama aliwaacha wenzake mbali. Hapo hapakuwa na mjadala.

Mjadala ulikuwa kwenye makosa ya njiani. Mpanda farasi aliyemzibia mwenzake, aliyemkata ghafla, au aliyeonekana hakumwachia farasi akimbie kwa uwezo wake wote, aliitwa mbele ya wasimamizi wa mbio. Wao ndio walioamua kama kosa ni la makusudi au la bahati mbaya, kama lilibadilisha matokeo, na kama adhabu iwe faini, kushushwa nafasi au kufungiwa siku kadhaa. Katika Nairobi ya kikoloni waliokalia viti hivyo walikuwa walowezi, watu wa tabaka lile lile lililomiliki farasi. Saisi Mwafrika, aliyemlisha farasi, aliyemsugua na kumjua hata anavyopumua, hakuwa na kiti mezani pale. Wanawake wa Kizungu angalau walipata upenyo: Beryl Markham, kabla dunia haijamjua kwa kuruka peke yake juu ya Atlantiki mwaka 1936, alikuwa mkufunzi wa farasi, na mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio za St Leger hapo hapo Nairobi. Mwaka 1954, mwaka ule ule mbio zilipohamia magharibi mwa mji, majeshi ya Uingereza yalianza Operesheni Anvil tarehe 24 Aprili, na maelfu ya watu wa Nairobi, wengi wao wakazi wa mitaa ya mashariki, wakakusanywa na kupelekwa kizuizini. Siwezi kuisoma tarehe moja bila kuiona nyingine pembeni yake.

Wakati huo, mbali sana na hapa, wanawake wa Texas walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kanuni za mbio zinaweza kuandikwa upya na wale zinaowahusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika tamasha la wachunga ng'ombe, yaani rodeo, mjini Stamford, wasichana waliletwa uwanjani kama pambo la sherehe. Walizunguka mapipa juu ya farasi, lakini waamuzi waliwapa alama pia kwa mavazi na kwa jinsi walivyopendeza. Haukupita muda mrefu saa ikachukua nafasi ya macho ya waamuzi. Mwaka 1948 wanawake walikutana San Angelo wakaunda chama chao, Girls Rodeo Association, ambacho tangu 1981 kinaitwa Women's Professional Rodeo Association. Walitaka mashindano halali, zawadi za haki, na kanuni ambazo mshindani anaweza kuzisoma kabla hajapanda farasi.

Kanuni zenyewe ni fupi. Mapipa matatu husimamishwa kwa umbo la pembetatu. Kwa vipimo kamili vya chama hicho, kati ya pipa la kwanza na la pili kuna futi 90, yaani mita 27 na ushei. Kutoka kila moja la hayo hadi la tatu kuna futi 105, kama mita 32. Mpandaji huingia kwa kasi, akakata mstari wa kuanzia ambapo jicho la umeme huwasha saa. Ana hiari ya kuanza na pipa la kulia au la kushoto. Akianza na la kulia, atalizunguka kwa kupinda kulia, mawili yanayobaki kwa kupinda kushoto. Akianza na la kushoto, mambo hugeuka. Kisha hurudi mbio mpaka mstarini. Katika uwanja wa vipimo hivyo kazi yote humalizika kwa sekunde 17 hivi, na saa huhesabu hadi sehemu ya mia ya sekunde.

Akiangusha pipa, huongezewa sekunde 5. Kwa mtu asiyeujua mchezo huu sekunde 5 ni kitu kidogo, lakini mahali ambapo mshindi na wa pili hutenganishwa na kufumba na kufumbua, pipa moja chini kwa kawaida ni kwaheri ya zawadi. Kuligusa si kosa. Mpandaji anaruhusiwa hata kulishika kwa mkono linapoyumba ili lisianguke. Akikosea njia, akapinda upande usio wake au akaruka pipa, hana muda kabisa: hakuongezewa, hakupunguziwa, amefutwa katika raundi hiyo. Kosa la kwanza ni la mwendo, la pili ni la kutotimiza safari yenyewe, na kanuni hazichanganyi uzito wa haya mawili. Hakuna anayemuuliza kama alikusudia.

Uzuri wa sheria ya namna hiyo ulionekana mwaka 1985 katika fainali za kitaifa za rodeo nchini Marekani. Charmayne James alikuwa ndiyo kwanza anaingia uwanjani na farasi wake Scamper pale hatamu zilipomvuka farasi kichwani. Alizunguka mapipa yote matatu bila hatamu, na akashinda raundi hiyo. Mwamuzi wa kupima umaridadi angeweza kumkata alama. Saa haikuona hatamu. Iliona mapipa yamesimama na mstari umekatwa. James alitwaa ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, 1984 hadi 1993.

Pipa linalotumika ni la chuma, la ujazo wa lita 200 na kitu, ndugu wa yale ambayo mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Shauri Moyo huyakata, huyakunjua na kuyapiga nyundo mpaka yakawa majiko na makarai. Mbio za mapipa hazikuota mizizi hapa kwetu. Lakini mchezo wa kuhukumiwa kwa saa ulifika, na ulikuja kwa magurudumu.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Kila dereva alikuwa na muda wa kufika kwenye kila kituo, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa adhabu. Matope, daraja lililosombwa, tairi lililopasuka, vyote vilihesabiwa kwa kipimo kimoja. Mwaka 1963 magari 7 tu yalimaliza, na mwaka 1968 tena 7. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika mashindanoni, akarudia ushindi 1974 na 1976. Katika nchi iliyokuwa imeipangia kila rangi mtaa wake, jina la Kisingasinga lilikaa juu ya orodha, kwa sababu orodha ilipangwa kwa dakika. Sisemi saa ilifuta ubaguzi. Gari lilikuwa ghali, na kijana wa Shauri Moyo alibaki kando ya barabara akishangilia kupitia vumbi.

Mwaka 1973 hata saa ilishindwa kutoa jibu. Shekhar Mehta, aliyekuwa amelazimika kuhama Uganda ya Idi Amin, alimaliza akiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström wa Uswidi. Ilibidi kifunguliwe kifungu kilichoandikwa kabla ya mbio: apewe ushindi aliyeenda mbali zaidi bila adhabu hata moja. Mehta ndiye, na aliendelea kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka uliofuata sare ile, 1974, Orie Rogo Manduli aliingia kwenye Safari akiwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushindana humo. Magazeti yaliandika mengi kuhusu vilemba vyake. Kadi yake ya muda ilikuwa na nafasi za dakika peke yake.