Magazeti Matatu Yaliyowafungulia Wakongomani Kinywa

Ndugu zetu wa seminari hupenda kuuliza: tusome magazeti gani ili tujue kuandika vizuri, na tuweze kutambua kazi njema ya wachongaji, waimbaji na washairi? Swali ni jema, kwani padri na katekista hutumia maneno kama seremala atumiavyo randa, na randa butu huharibu mbao. Basi, tuangalie habari za magazeti matatu ambayo wazee wetu waliyasoma. Kila moja tutalipima kwa swali hili: ni nani aliyepewa ruhusa ya kusema ndani yake?

Gazeti la kwanza ni Aequatoria. Lilianza mwaka 1937 huko Coquilhatville, mji unaoitwa leo Mbandaka. Waanzilishi walikuwa mapadri wawili Wamisionari wa Moyo Mtakatifu, Edmond Boelaert na Gustaaf Hulstaert. Siku zile Wazungu wengi walidhani lugha zetu hazifai ila kwa kuamrisha wapagazi. Mapadri hao walikataa. Waliandika habari za lugha ya Wamongo, methali zao, desturi zao za ndoa, na masimulizi ya shujaa Lianja. Hawakuwa kama mtu anayeokota vitu vya ajabu njiani. Walisikiliza hata kupanda na kushuka kwa sauti, maana katika Kimongo sauti ikibadilika, neno nalo limegeuka. Padri Hulstaert aliingia Kongo mwaka 1925, akaitumikia hata kufa kwake mwaka 1990. Kamusi yake kubwa ya Kimongo, iliyotoka mwaka 1957, ni matunda ya masikio yenye saburi.

Lakini tuseme kweli yote. Katika Aequatoria, mara nyingi Mmongo alitoa maneno na Mzungu akatia sahihi. Wakongomani walioandika humo walikuwa wachache, na lugha za gazeti lenyewe zilikuwa Kifaransa na Kiflama. Mzee aliyesimulia Lianja hakuweza kusoma yaliyoandikwa juu yake. Gazeti lilikoma mwaka 1962. Mwaka 1980 kazi yake ilianza tena katika Annales Aequatoria.

Gazeti la pili ni La Voix du Congolais, maana yake Sauti ya Mkongomani. Lilitoka Léopoldville, leo Kinshasa, tangu Januari 1945 hata Desemba 1959. Hapa Wakongomani wenyewe walishika kalamu: makarani, walimu, waganga wasaidizi. Mwandishi mkuu alikuwa Antoine-Roger Bolamba, Mmongo aliyezaliwa Boma mwaka 1913. Walibishana juu ya mahari, masomo ya wasichana, mishahara na adabu za mjini. Wakachapisha pia mashairi na hadithi. Kijana karani wa posta aliyeona jina lake limepigwa chapa alijua kwamba mawazo yake yana uzito.

Lakini mwenye gazeti alikuwa serikali ya koloni, kwa njia ya idara yake ya habari. Sauti ilikuwa ya Mkongomani, koo likashikwa na mwingine. Paul Lomami Tshibamba alionja uchungu wa jambo hilo. Katika mwaka ule ule wa 1945 aliandika makala yenye kuuliza nafasi yetu itakuwa ipi katika ulimwengu wa kesho. Hakutukana mtu, aliuliza tu. Akaitwa na wakubwa, akahojiwa, na kwa kadiri ya ushuhuda wake mwenyewe, akapigwa fimbo. Baadaye alivuka mto kwenda Brazzaville, akaongoza huko gazeti jingine, Liaison. Hadithi yake Ngando, yaani Mamba, ilipata tuzo Bruxelles mwaka 1948. Tazameni basi: mikono ile ile ya wakoloni ilimpiga mwandishi, kisha ikampa zawadi. Walipenda hadithi ya mamba kuliko swali la kesho.

Gazeti la tatu lilizaliwa mbali, lakini lilitugusa. Présence Africaine lilianza mwaka 1947, Paris na Dakar pamoja. Mwanzilishi, Alioune Diop, alikuwa Msenegali wa jamaa ya Waislamu aliyebatizwa mwaka 1944. Yeye aliwakusanya watu weusi wa Afrika, wa visiwa vya Antilles na wa Marekani, pamoja na Wazungu waliokubali kuwasikiliza. Mwaka 1949 alichapa upya Filosofia ya Kibantu ya Padri Placide Tempels, kitabu kilichotoka kwanza Élisabethville mwaka 1945. Mwaka 1951 alitoa toleo zima juu ya sanaa ya watu weusi. Kisha gazeti likaagiza filamu, Les statues meurent aussi, iliyokwisha mwaka 1953. Filamu hiyo iliuliza kwa nini sanamu za Wagiriki zinawekwa katika jumba la sanaa, na zetu katika nyumba ya kuchunguzia desturi za makabila. Serikali ya Ufaransa ilikataza isionyeshwe nzima kwa miaka zaidi ya kumi.

Na hapa njia tatu zinakutana. Mwaka 1955 Présence Africaine ilichapa Esanzo, mashairi ya Bolamba yule yule, na Senghor akaandika dibaji. Mtoto wa Wamongo, ambao lugha yao ilitunzwa na Aequatoria, mkuu wa gazeti lililochungwa na serikali, alikuwa amepata ukumbi mpana zaidi.

Mwaka 1956 ikawa zamu ya mapadri. Katika kitabu Des prêtres noirs s'interrogent, makleri wa Afrika na Haiti walijiuliza Injili itakaaje kwetu kama mwenyeji. Mmoja wao alikuwa Vincent Mulago, Mushi wa Kivu, aliyeandika juu ya mapatano ya damu na chakula cha ushirika, akiyaelekeza kwenye Ekaristi. Wengine waliona ni hatari kusema mambo hayo hadharani. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1967, gazeti Cahiers des Religions Africaines lilianza Kinshasa penyewe, na Mulago akiwa kiongozi. Swali lililoulizwa Paris lilikuwa limerudi nyumbani.

Tujifunze nini? Gazeti zuri si lile lenye karatasi laini. Aequatoria inatufunza uangalifu: usiandike juu ya wimbo usiousikiliza mara nyingi. La Voix du Congolais inatufunza kuthubutu kuuliza kwa adabu, hata mahali penye mipaka. Présence Africaine inatufunza kwamba kinyago cha kijiji chetu kinastahili jicho lile lile tunalowapa Wagiriki.

Kwa hiyo, ndugu, matoleo ya zamani mtakayoyakuta katika vyumba vya vitabu vya misioni, msiyaache yaliwe na mchwa au yafungiwe karanga sokoni. Yasomeni na kalamu mkononi. Nanyi mkiandika mithali au wimbo mliosikia kwa mzee, andikeni jina lake na kijiji chake juu ya ukurasa, mbele ya jina lenu. Kisha mrudi kumsomea, ili aseme kama mmemsikia vema.