Assetto Corsa: Fizikia Iliyohamia Konsoli na Uhuru Ulioachwa Kwenye Kompyuta

Mchezo wa kuiga mbio za magari kwa uaminifu ni zao la kompyuta. Mwaka 1984 Mwingereza Geoff Crammond alitoa Revs kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, na gari lake la Formula 3 liliteleza kila mchezaji alipoingia kona kwa pupa. Mwaka 1989 kampuni ya Papyrus ya Marekani ilifuata na Indianapolis 500, ambamo dereva aliweza kubadili mpangilio wa gari kabla ya kuingia barabarani. Konsoli, mashine inayounganishwa na televisheni sebuleni, kwa miaka mingi zilijulikana zaidi kwa mbio za kujifurahisha, hadi Gran Turismo ilipotoka Japani Desemba 1997 na kuthibitisha kwamba PlayStation nayo yaweza kubeba uigaji wa kina. Kwa hiyo swali la kihistoria si kama konsoli inaweza. Tunapaswa kuuliza ni nini hasa kinachohama mchezo unapotoka kompyuta kwenda konsoli, na ni nini kinachobaki. Assetto Corsa inatupa jibu lililo wazi kuliko michezo mingi.

Waundaji wake, Kunos Simulazioni, walianza kazi mwaka 2005, na makao yao yako kwenye uwanja wa mbio wa Vallelunga karibu na Roma. Waliufungulia mchezo huu wanunuzi wa kompyuta Novemba 2013 ukiwa bado haujakamilika, wakaukamilisha Desemba 2014, na Agosti 2016 ukaingia PlayStation 4 na Xbox One ukisambazwa na 505 Games. Sifa yake kubwa ilitokana na vipimo. Barabara nyingi zilipimwa kwa leza, hata matuta madogo ya Nürburgring Nordschleife, yenye zaidi ya kilomita 20, yakasikika kwenye usukani. Vichakato vya konsoli hizo vilikuwa dhaifu kuliko vya kompyuta za wapenzi wa mbio, lakini hesabu za tairi, springi na uzito wa gari zilihamishwa bila kurahisishwa ili kumfurahisha mgeni. Kilichohitaji ubunifu ni pedi ya mkononi. Kijiti cha kidole gumba husogea kidogo sana kikilinganishwa na mzunguko wa usukani, hivyo programu ililazimika kulainisha mwendo wa kidole bila kumdanganya dereva kuhusu gari lenyewe. Kwa kipimo hicho, uhamisho ulifaulu.

Hata hivyo fizikia ilikuwa nusu tu ya mchezo. Nusu ya pili ilikuwa ruhusa ya mchezaji kuuongezea vitu vyake. Kwenye kompyuta, mafundi wa kujitolea walitengeneza magari na barabara ambazo Kunos hawakuwahi kuzitoa, zikiwemo barabara kuu za Tokyo. Baadaye wakaleta usiku na mvua, ambavyo mchezo wa awali haukuwa navyo. Zaidi ya miaka kumi baada ya kutoka, toleo la kompyuta bado lina umati wa wachezaji, wakati toleo la konsoli limebaki na yale tu yaliyoidhinishwa na watengenezaji. Tofauti ya uhai wa matoleo haya mawili haielezwi na ubora wa picha wala nguvu za mashine, maana injini ya fizikia ni ileile. Inaelezwa na uhuru huo.

Wapo watakaosema kwamba konsoli haikuwa na hiari, kwa sababu mfumo ulio wazi hukaribisha udanganyifu mashindanoni na matumizi ya nembo za magari bila kibali. Hofu hiyo ina msingi, lakini haithibitishi kwamba mlango ulipaswa kufungwa kabisa. Mei 2016, miezi mitatu kabla Assetto Corsa haijafika konsoli, kampuni ya Bethesda iliruhusu viongezo vya wachezaji katika mchezo wake wa Fallout 4 kwenye Xbox One, kwa utaratibu ulio chini ya usimamizi wake. Wengine watasema kwamba konsoli ilileta uigaji kwa watu wasiomudu kompyuta ya bei ghali. Hilo ni kweli, nalo ni jema lisilopaswa kubezwa. Lakini linaongeza uzito wa hoja hii, kwa kuwa hao waliofikiwa kwa bei nafuu ndio walionyimwa nafasi ya kuwa mafundi, wakabaki wateja.

Kwa anayehifadhi urithi wa michezo ya video, funzo ni la kivitendo. Diski ya PlayStation 4 itaonyesha mchezo jinsi Kunos walivyouidhinisha, na inastahili kuhifadhiwa. Lakini makumbusho yatakayoishia hapo yatakuwa yamehifadhi hesabu za tairi na kuitupa jamii iliyozitumia. Historia kamili ya Assetto Corsa inahitaji pia toleo la kompyuta pamoja na viongezo vyake, vikiwa na majina ya waliovitengeneza na tarehe zake, kabla tovuti zinazovihifadhi hazijafungwa.