Mnara wa Boeing waanguka, SpaceX yarithi kiwanja

Juni 12, 2025, baruti ziliripuliwa kwenye miguu ya mnara wa chuma wenye urefu wa karibu mita 100 huko Cape Canaveral, Florida, na kufumba na kufumbua mnara ukawa umelala chini. Kwa zaidi ya miaka 20 mnara huo, uliokuwa ukisogezwa juu ya reli, ulizikinga roketi za Delta IV, zilizoundwa na kampuni ya Boeing, wakati mafundi wakizipandishia setilaiti za kijeshi ambazo kazi yake haitangazwi. Kituo chenyewe, namba 37, ni cha zamani zaidi. Rais John Kennedy alikitembelea Novemba 16, 1963, siku sita kabla ya kuuawa.

Sasa kiwanja kinaandaliwa kwa ajili ya Starship, roketi ya SpaceX. Ni kampuni ileile iliyokwenda mahakamani mwaka 2005 ikilalamika kwamba Boeing, wenye mnara huo wakati ule, na Lockheed Martin wanataka kuifungia mlango wa zabuni za serikali.

Walioipenda Delta IV Heavy, roketi kubwa kuliko zote katika ukoo huo, hawaisahau sekunde ya kuwashwa kwake. Haidrojeni iliyokwisha kutoka ilishika moto, miali ikapanda na kulamba ubavu wa roketi, na ganda lake la rangi ya chungwa likaungua na kuwa jeusi hata kabla haijaacha ardhi. Mgeni angeapa kwamba imelipuka. Wahandisi walitulia tu, ndiyo tabia yake. Iliruka mara 16, na safari ya mwisho, Aprili 9, 2024, ilibeba setilaiti ya shirika la ujasusi wa anga la Marekani.

Kisa chake kinaanzia kwenye hasara. Katika miaka ya 1990 mizigo mizito ya kijeshi ilitegemea Titan IV, roketi iliyokuwa ghali kupindukia. Agosti 1998 mojawapo ililipuka muda mfupi baada ya kuruka, pamoja na setilaiti ya kijasusi iliyokuwa imebeba, na zaidi ya dola bilioni moja zikaishia baharini. Wakati huo Jeshi la Anga lilikuwa tayari linatafuta roketi mpya za bei nafuu. Mpango wa awali ulikuwa kuchagua mshindi mmoja, lakini mwaka 1997 likabadili nia na kubaki na wawili, likiamini kwamba setilaiti za simu na biashara zitakuwa nyingi kiasi cha kuwalisha wote. Boeing na Lockheed Martin wakapewa dola milioni 500 kila mmoja za kusaidia kuunda roketi. Oktoba 1998 kazi ikagawanywa: Boeing safari 19, Lockheed Martin 9.

Kwa nini Boeing ilipata zaidi ya maradufu? Jibu lilianza kuvuja mwaka uliofuata.

Mhandisi mmoja aliyekuwa kwenye mradi wa roketi wa Lockheed Martin alikuwa ameajiriwa na Boeing mwaka 1997, na hakwenda mikono mitupu. Mwaka 1999 nyaraka zenye muhuri wa siri wa kampuni yake ya zamani zilikutwa kwenye ofisi za Boeing. Yeye na meneja mmoja wakafukuzwa kazi, Boeing ikaijulisha Lockheed Martin na kurudisha kurasa chache. Ilionekana yamekwisha. Hayakwisha. Kurasa nyingine zikaendelea kuibuka mwaka hadi mwaka, na uchunguzi wa Jeshi la Anga ulipofika mwisho hesabu ilikuwa imefikia kiasi cha kurasa 25,000. Kwa mshindani anayetaka kupanga bei, hazina kama hiyo ni sawa na kuuona mtihani usiku wa kuamkia siku yake.

Julai 2003 adhabu ikatangazwa. Boeing ilinyang'anywa safari saba zenye thamani ya takriban dola bilioni moja, na vitengo vyake vitatu vikazuiwa kuomba kandarasi mpya za serikali. Aliyetangaza ni Peter Teets, naibu waziri wa Jeshi la Anga, ambaye kabla ya kuingia serikalini alikuwa rais wa Lockheed Martin. Washington haikuona ajabu. Zuio lilidumu miezi 20, na mwaka 2006 Boeing ikakubali kulipa dola milioni 615 kumaliza sakata hilo pamoja na jingine la kumwajiri afisa wa manunuzi wa jeshi.

Ungetarajia kampuni hizo mbili zisiangaliane usoni tena. Desemba 2006 ziliunganisha biashara zao za roketi na kuunda United Launch Alliance, ULA, kila moja ikiwa na nusu. Soko la setilaiti za biashara lilikuwa halijatokea kama ilivyotabiriwa, na serikali ikaubariki muungano huo. Mlipa kodi aliyeambiwa kwamba ushindani utamshushia bei akajikuta na muuzaji mmoja, ambaye juu ya bei ya roketi alilipwa karibu dola bilioni moja kwa mwaka ili awe tayari muda wote.

Machi 2014, mbele ya kamati ndogo ya Seneti, Elon Musk wa SpaceX aliketi meza moja na Michael Gass wa ULA. Musk alidai kwamba safari moja ya ULA inaigharimu serikali dola milioni 380, wakati yeye angeifanya kwa milioni 90. Gass alijibu kwa rekodi ya kampuni yake ya kutopoteza mzigo. Ulikuwa mwezi uleule ambao Urusi iliitwaa Crimea, na roketi ya Atlas V ya ULA ilikuwa ikisukumwa na injini ya Kirusi, RD-180. Aprili SpaceX ikaishtaki serikali, na jaji akazuia kwa muda ununuzi wa injini hizo. Zuio liliondolewa baada ya siku chache. Shauri likamalizwa nje ya mahakama Januari 2015, na miezi minne baadaye Jeshi la Anga likaidhinisha Falcon 9, roketi ya SpaceX, kubeba mizigo yake.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Wakenya wanaijua roketi hiyo tangu Aprili 2023, iliporusha setilaiti yao ya Taifa-1 kutoka Vandenberg, California, kwenye kituo kilichokuwa zamani cha zile Titan IV.

Aprili 2025 SpaceX ilipewa safari 28 kati ya 54 za kijeshi kwa dola bilioni 5.9. ULA ilipata 19, Blue Origin ya Jeff Bezos saba. Miezi miwili baadaye Rais Donald Trump aligombana na Musk hadharani na kutishia kufuta kandarasi zake, wiki moja tu kabla ya mnara kuangushwa. Hazikufutwa, kwa kuwa wa kuzichukua zote kwa haraka hakuwepo. ULA yenyewe imehamia kwenye roketi mpya ya Vulcan, iliyobeba mzigo wake wa kwanza chini ya mpango wa kijeshi Agosti 12, 2025. Injini zake si za Urusi tena. Zinanunuliwa kutoka Blue Origin, mshindani wake kwenye zabuni hiyohiyo.