Rafiki na Mpenzi: Suala la Mwisho wa Kisa katika Filamu za Mapenzi Jijini Nairobi

Wahakiki wanapojadili vijana na filamu za mapenzi, aghalabu hukimbilia suala la maadili: busu lionyeshwe au lisionyeshwe, mwili usitiriwe kwa kiasi gani. Makala haya yanashikilia kwamba ugomvi wenyewe, tukiutazama katika historia ya utazamaji jijini Nairobi, unahusu jambo la kifasihi zaidi, nalo ni mwisho wa kisa. Wapendanao wafikishwe wapi, na je, ni lazima wafike huko wakijuta?

Kizazi cha wazazi wetu kilijifunza mapenzi ya skrini kwa kiasi kikubwa kutoka India, katika majumba kama Shan pale Ngara, ambalo leo ni Sarakasi Dome. Katika Sangam ya Raj Kapoor (1964), marafiki wawili wanampenda Radha. Mmoja anaificha siri ya moyo wake kwa ajili ya urafiki, na hatimaye anajipiga risasi. Urafiki unashinda, lakini kwa gharama ya maiti. Ilipokuja Kuch Kuch Hota Hai (1998), mizani ilikuwa imegeuka: mapenzi sasa yanazaliwa ndani ya urafiki, na rafiki wa chuoni ndiye anayeolewa. Hata hivyo, Anjali, msichana anayecheza mpira wa kikapu na wavulana, hapendwi mpaka afuge nywele na kuvaa sari. Mwandishi wa makala haya hajaisamehe filamu hiyo kwa jambo hili, ingawa wanafunzi wake humcheka.

Riwaya ya Kiswahili nayo ilipendelea kaburi. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), anajiua. Lakini adhabu hiyo haikukiokoa kitabu, kwani kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda.

Tangu siku za Shan, utazamaji umehama. Mkazi wa Spring Valley hana haja tena ya kushuka mjini, kwa kuwa skrini zimeingia katika maduka makubwa ya Westlands na ya Barabara ya Ngong. Ni katika jumba mojawapo la Barabara ya Ngong, Prestige, ambapo mwezi Septemba 2018 tiketi za filamu ya Kikenya zilimalizika, nao watazamaji wengi walikuwa vijana. Filamu hiyo ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, ambayo mwezi Mei mwaka huo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes.

Msomaji atakumbuka kisa chenyewe. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kiti kimoja cha mtaa. Urafiki wao unageuka mapenzi. Chimbuko lake ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyotunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kuhusu jina, Kahiu ameeleza kwamba wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya hulazimika kumtambulisha mpenzi kama rafiki. Neno moja linabeba maana mbili: moja kwa ajili ya jamaa na majirani, nyingine kwa ajili ya wawili wenyewe.

Mwezi Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku, ikidai kwamba inaendeleza usagaji. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilikuwa imemtaka aubadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusimama. Ndani ya filamu adhabu ipo, tena kali: wasichana wanapigwa na umati, kisha Ziki anapelekwa London. Kisichokuwepo ni majuto. Ziki anarudi, wanakutana tena, na filamu inaishia hapo bila kutuambia yatakayofuata. Arac de Nyeko alikuwa ameishia hatua moja nyuma, pale msimulizi anapomngoja mwenzake arudi. Kena naye, aliyezoea kusakata kandanda na wavulana, hapewi sharti alilopewa Anjali. Ziki anampenda alivyo.

Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu itimize masharti ya kuwania Oscar. (Kenya ilimpeleka Supa Modo, hadithi ya mtoto mgonjwa ambaye kijiji kizima kinashirikiana kumfanya shujaa, urafiki huo haukumtisha mtu.) Mwezi Aprili 2020 Mahakama Kuu iliithibitisha marufuku hiyo.

Katika siku hizo 7 ruhusa ilikuwa ya watu wazima pekee. Kena na Ziki ndio kwanza wametoka shule ya sekondari, na Kena anangoja matokeo ya mtihani. Wenzao wa kidato cha tatu, ambao kisa hiki kinawahusu pengine kuliko mtu mwingine yeyote, hawakuruhusiwa kuingia.