Mkaratusi chotara: ubora wake na mipaka yake

Mkaratusi chotara ujulikanao kama GC ulipatikana kwa kuchavusha aina mbili zenye asili ya Australia: Eucalyptus grandis, ambao hukua upesi na kunyooka, na Eucalyptus camaldulensis, ambao hustahimili kiangazi. Herufi hizo zinatokana na majina ya wazazi hao wawili.

Ulitoka Afrika Kusini na kuingia Kenya mwaka wa 1997, kupitia mradi ulioshirikisha Idara ya Misitu, Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) na kampuni ya Mondi. Miche ilizalishwa katika kitalu cha Karura, Nairobi. Mbegu za chotara hazitoi miche inayofanana na mzazi. Kwa sababu hiyo, vichipukizi hukatwa kutoka kwa mti mama na kuoteshwa mizizi.

Miti ya nasaba moja hukua sawia na kutoa nguzo zinazolingana. Hata hivyo, kinachoudhuru mmoja huweza kuidhuru yote. Mwaka wa 2002, nyigu mdogo aitwaye Leptocybe invasa aligunduliwa magharibi mwa Kenya. Hutaga mayai katika vikonyo na mishipa ya majani machanga, ambayo huvimba na mche ukadumaa. Baadhi ya nasaba za GC zilidhurika, nyingine zikastahimili. Mti uliochaguliwa kwa kustahimili maradhi yanayojulikana hauna hakika ya kumstahimili mdudu mgeni.

Katika Kaunti ya Kajiado, ukavu huongeza masharti. Udongo mweusi wa nyanda za Kitengela hupasuka wakati wa kiangazi, na mizizi ya mkaratusi, inayofyonza unyevu mwingi, huweza kuzidisha mipasuko hiyo karibu na misingi ya nyumba. Mchwa nao hushambulia miche michanga. Vilevile, mti huu haufai kingoni mwa mito. Mwaka wa 2009, Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe.

Anayepanda kando ya barabara au mpakani mwa shamba anashauriwa kuulizia nasaba ya miche kabla ya kununua, kuchanganya nasaba kadhaa, na kuipa nafasi miti ya asili kama vile migunga, ambayo imezoea ukame wa Kajiado.