Ganzi

Mtu akila embe mbichi au ukwaju mwingi, meno yake huingia ganzi, hata mkate hautafuniki. Akikalia mguu, mguu hufa ganzi. Ganzi hizo mbili ni kero. Ya tatu, ile ya daktari wa meno, hutiwa makusudi.

Karafuu ni ya kundi hili la tatu. Aliyeumwa na jino huibana penye tundu, maumivu yakashuka, naye akatangaza kwamba karafuu inatibu jino. Haitibu, inatia ganzi. Kinachofanya kazi ni eujenoli, kemikali iliyojaa katika mafuta ya karafuu, lakini tundu hubaki palepale.

Hilo limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walichapisha jaribio la watu wazima 73 waliopakwa jeli kinywani kabla ya kuchomwa sindano. Jeli ya karafuu ilipunguza maumivu kuliko jeli isiyo na dawa, na haikuachwa nyuma na benzokaini, dawa ya ganzi ya madaktari. (Hiyo isiyo na dawa wengine huiita “dawa bandia”. Siipendi tafsiri hiyo: dawa bandia ni ile ya walaghai, na mtafiti si mlaghai.)

Kwa hiyo wauza mitishamba wanaoandika “hutibu” kwenye chupa wangejaribu “hutuliza”, au “hutia ganzi” pale inapostahili. Mnunuzi angejua kwamba bado ana safari ya kwenda kung’oa au kuziba jino.