Figo kwa mtoto mdogo: mambo ambayo mzazi wa Garissa ayajue

Wasomaji wa Garissa na Wajir wameniuliza: mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye figo zake zimekufa, akipandikizwa nyingine ataishi? Jawabu langu ni kwamba anaweza, tena akakua na kwenda skuli. Ila yako masharti, na mzazi ayajue kabla ya kufunga safari.

Chanzo

Kwa watoto wadogo, aghalabu si sukari wala presha iuayo figo. Wengi huzaliwa na figo zisizoumbika sawasawa. Wavulana wengine huzaliwa na utando unaoziba njia ya mkojo. Mtoto wa kiume anayekojoa kwa matone au kwa kujikamua apelekwe hospitali mapema. Utando huo ukiondolewa, huenda figo zikaokoka.

Kwa nini angoje?

Madaktari wengi husubiri mtoto afikishe kama kilo 10. Figo anayopewa ni ya mtu mzima, mara nyingi ya mama au baba, nayo huunganishwa na mishipa mikuu ya damu tumboni. Figo kubwa hutaka damu nyingi kuliko uwezo wa moyo mdogo. Damu ikipungua, huganda mishipani na figo ikafa siku za mwanzo. Hiyo ndiyo hatari kubwa kwa watoto wa umri huu.

Akingoja, mtoto mdogo mara nyingi husafishwa kwa maji yanayoingizwa na kutolewa tumboni kwa mpira, kwa kuwa mashine ya kusafisha damu haiwiani vyema na mishipa yake myembamba. Hospitali ya Rufaa ya Garissa ina mashine hizo, lakini upandikizaji hufuatwa mbali: Kenyatta mjini Nairobi, yapata kilomita 370, au Moi kule Eldoret.

Matokeo

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 90 kati ya 100 waliopewa figo na mtu aliye hai huwa figo zao zingali zinafanya kazi mwaka mmoja baadaye. Na wadogo wakishavuka mwaka huo, figo zao hudumu vizuri kuliko za vijana wa miaka 15 au 17. Mtoto mdogo hunyweshwa dawa na mamake, kijana huachiwa mwenyewe akazikatiza. Hata hivyo figo haidumu milele. Aliyepandikizwa utotoni huenda akahitaji nyingine ukubwani.

Nyumbani

Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hunywewa kila siku, maisha yote, nazo hupunguza kinga. Kwa hiyo chanjo kama ya surua ikamilishwe kabla ya upasuaji. Maziwa mabichi ya ngamia, ambayo ni chakula chetu cha kila siku, yanaweza kubeba brusela. Yachemshwe. Na katika joto la Garissa, mtoto huyu anywe maji mengi kama alivyoagizwa, maana figo mpya haivumilii kiu.

Dini na mtoaji

Kwa wanaouliza kuhusu sharia, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jeddah Februari 1988 ilijuzisha kumtolea mwenzio kiungo kwa masharti: mtoaji asidhurike, atoe kwa hiari, na kiungo kisiuzwe.

Rai yangu

Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA. Kabla ya upasuaji, mzazi aulize si gharama ya kisu tu, bali nani atalipia dawa za mwaka wa pili na wa tano. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Kaunti nayo ingeanza na jambo dogo: damu ya mtoto aliyepandikizwa itolewe Garissa, sampuli ndiyo isafiri Nairobi, na dawa zipatikane hapa hapa. Tusimtoe mama figo yake, kisha mtoto aipoteze kwa kukosa nauli ya basi.